Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu safari yangu ya Kigali kwenda kuprezenti utafiti

Wadogo zangu wa MD2 na MD3 (udaktari mwaka wa pili na wa tatu), na wenzangu wa vyuo vingine mlionitafuta, toka nimerudi kutoka kwenye kongamano Kigali simu haipumui. Nimejibu swali la pasipoti nikiwa wodini, nimejibu la hela nikiwa kwenye foleni ya chakula, na mwingine alinipigia saa tano usiku kuuliza posta, yaani lile bango kubwa la utafiti, inachapwa wapi. Sichoki kuwajibu, ila naona najirudia halafu wengine nawasahau, kwa hiyo nimekaa chini nimeyaandika yote hapa jinsi mlivyoniuliza wenyewe. Mimi nasoma udaktari Mwanza, niko mwaka wa nne, na hii ndo ilikuwa safari yangu ya kwanza kutoka nje ya Tanzania.

Ulienda kuprezenti nini hasa?

Kichocho. Hiki cha tumbo, kinacholetwa na mnyoo anaitwa Schistosoma mansoni, ambacho sisi wa Kanda ya Ziwa tumekua nacho mpaka tunakiona cha kawaida. Tulikuwa wanafunzi watatu na supavaiza wetu, tukaenda kijiji kimoja cha wavuvi upande wa Ukerewe, tukapima kinyesi cha watoto wa shule ya msingi kwa njia ya Kato-Katz halafu tukalinganisha na CCA, kile kipimo cha haraka cha mkojo kinachotoa mstari. Basi, hakuna mashine ya ajabu hapo. Unapokea kikopo kwa mtoto, unakipitisha kinyesi kwenye chujio, unajaza kile kitundu cha kiplastiki kinachobeba miligramu 41.7, unafunika na selofani iliyolowekwa kwenye gliserini na rangi ya kijani, unageuza slaidi unaikandamiza taratibu mpaka isambae sawasawa, unasubiri, halafu unakaa kwenye hadubini unahesabu mayai ya mnyoo moja moja. Yai la mansoni lina mwiba ubavuni, ukishaliona mara moja hulisahau tena. Lile la kichocho cha mkojo, ambacho ndo kiko Unguja na Pemba, mwiba wake uko mwishoni.

Naeleza yote haya kwa sababu wengi mnaniambia "dada, sisi hatuna maabara kubwa". Sisi tulifanyia kwenye chumba cha ofisi ya mwalimu, madirisha wazi, harufu mnaijua wenyewe, na umeme wa hadubini tulikuwa tunavizia.

Mimi ni mwanafunzi tu, hivi kweli naruhusiwa?

Unaruhusiwa, tena makongamano mengi yana kiingilio cha wanafunzi ambacho kiko chini kuliko cha madaktari. Wanachoangalia ni kazi, hawaangalii umemaliza mwaka wa ngapi. Kama unaogopa anza hapa hapa nyumbani, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wana kongamano lao la kisayansi, MUHAS (chuo cha afya Muhimbili) wana la kwao, kuna Tanzania Health Summit, na TAMSA, chama cha wanafunzi wa udaktari, huwa wanatangaza nafasi mara kwa mara, kwa hiyo usiwe mtu wa kuingia kwenye magrupu yao kusoma meseji za mechi tu. Ukitaka kutoka nje bila gharama za kutisha, Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki iliyoko Bujumbura ina kongamano linalozunguka nchi za jumuiya. Na Kigali wenyewe ni mji wa makongamano siku hizi, Desemba 2022 walipokea lile la afya ya jamii la Africa CDC (kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa), Aprili 2024 wakapokea lile la malaria la MIM, mtandao wa watafiti wa malaria. Ni jirani zetu, unafika kwa basi, na viza huhitaji.

Abstrakti yako (ule muhtasari wa utafiti unaotuma kuomba nafasi) ilipitaje? Mimi yangu wameikataa mara mbili

Ya kwanza yetu pia ilikataliwa, na nilipoisoma tena baada ya miezi miwili nikaona kwa nini. Aya nzima ya utangulizi nilikuwa naeleza jinsi Theodor Bilharz alivyomgundua mnyoo Cairo mwaka 1851. Anayesoma abstrakti za kichocho anamjua Bilharz kuliko mimi. Una maneno 250 au 300, ukitumia 100 kwenye historia matokeo yako utayaweka wapi? Supavaiza alichukua kalamu nyekundu akakata yote akabakiza sentensi moja, akaniambia niandike kitu ambacho hakuna mtu mwingine anaweza kukiandika isipokuwa sisi tuliokuwa pale kijijini.

Kingine, tafadhali, usiandike "matokeo yatajadiliwa kwenye kongamano". Ukiandika hivyo unawaambia wakaguzi kwamba data bado huna. Maliza kwanza kukusanya, fanya analisisi, weka namba, ndo utume. Na utume kabla ya siku ya mwisho, maana siku ya mwisho mtandao wao unazidiwa na bando lako pia linaisha siku hiyo hiyo.

Nimepata barua pepe inaniita "Profesa" na kunialika kuongea Dubai, nikubali?

Hapana mdogo wangu. Zinakuja nyingi sana hizo ukishachapisha au kutuma kitu chochote mtandaoni. Kongamano la kweli halikuiti profesa ukiwa MD3, lina kamati ya kisayansi yenye majina unayoweza kuyatafuta ukayaona, mada zake hazichanganyi kichocho na uhandisi wa madaraja, na halikubali abstrakti yako ndani ya masaa mawili halafu likakwambia lipia leo. Kabla hujatuma hata senti muoneshe supavaiza.

Vibali gani vinatakiwa? Maana sisi tulikusanya data bila barua

Hapa nitakuwa mkali kidogo na mnisamehe. Kama mlikusanya data kwa watu bila kibali cha kamati ya maadili ya chuo, msiipeleke popote, kwanza kaeni na supavaiza mwambieni ukweli. Sisi tulianza na kamati ya maadili ya chuo, ikatupa kibali, tukapeleka barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, akatuandikia kwenda halmashauri, halmashauri wakatuandikia kwenda kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mpaka kwa mwalimu mkuu. Ilichukua wiki nyingi na kuna ofisi moja tulirudishwa mara nne kwa sababu ya muhuri. Halafu tukaitisha kikao cha wazazi pale shuleni, tukaeleza kwa Kiswahili na mwalimu mmoja akarudia kwa Kikerewe kwa ajili ya bibi na babu, mzazi akakubali ndo anasaini, na mtoto naye anaulizwa kama anataka, akisema hataki anaenda zake darasani na hakuna wa kumsema. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alikataa mbele ya mama yake, mama akaona aibu akaanza kumlazimisha, supavaiza akamwambia mama muache, ana haki yake. Nilijifunza zaidi pale kuliko semista nzima ya somo la maadili.

Waliokutwa na mayai walipewa praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na tulihakikisha wamekunywa uji kwanza, maana dawa ile kwenye tumbo tupu inachafua roho sana, na mtoto akitapika leo mwakani anakimbilia porini siku ya dawa.

Hela ulipata wapi?

Swali hili ndo mnaniuliza kuliko yote na najua kwa nini. Ngoja niseme wazi. Kwanza niliwaandikia waandaaji nikaomba msamaha wa kiingilio, barua fupi tu ya kistaarabu, nikaeleza ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nikaambatanisha barua ya chuo, wakakubali. Wengi hamuombi kabisa, mnaona bei mnafunga ukurasa. Ombeni. Pili, chuo kilichangia nauli baada ya supavaiza kwenda mwenyewe kuongea. Tatu, kuna shirika liliahidi kulipia malazi, siku tisa kabla ya safari wakanyamaza, simu hawapokei, mpaka leo sijui kilitokea nini. Niliumia sana. Kilichoniokoa ni wanadarasa wenzangu, CR (kiongozi wa darasa) alianzisha mchango kwenye grupu bila hata kuniambia, elfu mbili, elfu tano, mtu ametoa elfu moja na bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) bado halijatoka. Siwezi kusahau hiyo orodha ya majina, ninayo mpaka leo kwenye simu.

Malazi nililala kwa dada mmoja Mtanzania anayesoma Kigali, rafiki wa rafiki. Ulizia, Watanzania wako kila mahali na wanapokea watu.

Ushauri wangu: usisubiri mfadhili mmoja wa kulipa kila kitu. Gawanya vipande vipande, huyu kiingilio, huyu nauli, huyu kuchapa posta. Mtu anaogopa kulipa safari nzima ila kipande kimoja anaweza.

Pasipoti inachukua muda gani na inataka nini?

Anza mapema, yaani abstrakti ukishaituma tu anza, usisubiri jibu. Fomu unajaza mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, inakupa namba ya malipo, jumla ni shilingi 150,000, halafu unapeleka vilivyo kwenye fomu: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa chako, cha mzazi au kiapo, picha, na ushahidi wa safari kama barua ya mwaliko. Mimi kilichonichelewesha ni jina. Cheti cha kuzaliwa kina herufi moja tofauti na NIDA, nikaambiwa nikarekebishe kwanza. Kwa hiyo leo hii, ukimaliza kusoma hapa, toa vyeti vyako weka mezani ulinganishe herufi kwa herufi.

Kadi ya njano pia usisahau, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Unachoma mara moja, toka 2016 inahesabika ya maisha, lakini inaanza kutambulika siku kumi baada ya kuchoma, kwa hiyo ukichoma Jumatatu usafiri Ijumaa haijakusaidia.

Chuo kilikuruhusu kukosa rotesheni (zamu za mafunzo wodini)?

Ndiyo, kwa barua. Niliandika kwa mkuu wa idara wiki sita kabla, nikaambatanisha barua ya kukubaliwa, na nikaandika humo humo siku gani nitafidia na nani atanishikia zamu. Hiyo ya zamu ndo iliyomlainisha. Usiende kuomba ruhusa umeacha shimo, nenda na shimo limeshafukiwa.

Posta ulichapa wapi, na ukaibebaje kwenye basi?

Waandaaji walitaka saizi ya A0, yaani sentimita 84 kwa 119, ya kusimama. Soma maelekezo, kuna makongamano ubao wao ni wa kulala na ukija na ya kusimama inaning'inia. Nilitengeneza kwenye PowerPoint, nikabadilisha kuwa PDF, nikaipeleka kwa wale vijana wanaochapa mabango ya harusi na ya wagombea. Wana mashine nzuri kuliko steshenari nyingi na bei yao ni ya kawaida. Mwambie akutolee kipande kidogo kwanza uone rangi na maandishi, mimi ya kwanza bluu ilitoka kama zambarau na alama ya chuo ikapotea kabisa.

Ukipata wa kuchapa kwenye kitambaa, chapa kwenye kitambaa. Unakunja unaweka kwenye begi kama khanga, ukifika unapiga pasi kwa nyuma. Mimi yangu ilikuwa ya turubai, nikaikunja ndani ya bomba la plastiki la maji ambalo fundi alinikatia na kuniwekea vifuniko. Nililishika mapajani toka Mwanza mpaka Kigali. Angalizo: usiifunge na mfuko wa nailoni. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki toka 2008, sisi tumefuata 2019, na mpakani wale jamaa wanaangalia kweli. Mama mmoja tuliyekaa naye siti moja alinyang'anywa mifuko yote akabaki na nguo mkononi, nikampa kitenge changu cha kujifunikia akafungia.

Maandishi yawe makubwa. Mtu asome akiwa hatua mbili. Toa nusu ya maneno, halafu toa tena.

Kwa nini hukupanda ndege? Njia ikoje?

Hela, kama nilivyosema. Lakini njia ni nzuri na sijutii. Tulitoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, alfajiri, enzi hizo tunavuka kwa kivuko Kigongo kwenda Busisi, siku hizi toka Juni 2025 kuna daraja la Magufuli, karibu kilomita tatu juu ya ziwa, mnapita moja kwa moja. Sengerema, Geita, Chato, Biharamulo, halafu Lusahunga unaingia ile barabara ya malori inayoshuka Ngara mpaka Benaco na Rusumo. Ni siku nzima, beba maji na kitu cha kula, na pawabanki.

Pale Rusumo utaona mto Kagera chini ya daraja na maporomoko. Dereva wetu, mtu mzima, alituambia mwaka 1994 alikuwa kijana Ngara akaona wakimbizi wa Rwanda wanavuka daraja lile usiku na mchana bila kukatika, watu kama robo milioni ndani ya siku moja hivi, wakajaa kambi ya Benaco. Basi zima likanyamaza. Mimi nilikuwa na bomba langu la posta mapajani nikawa naangalia maji. Nilipofika Kigali siku ya mwisho nilienda kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi kwa sababu ya yale maneno ya dereva.

Uhamiaji wa nchi zote mbili wako kwenye jengo moja kwa hiyo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia hapo hapo. Waliniuliza naenda kufanya nini, nikatoa barua ya mwaliko, afisa akasoma akauliza "kichocho ni nini?", nikamueleza kwa Kiswahili, akasema kwao wanapima sana kandokando ya ziwa Muhazi. Nilimuelezea vizuri kuliko hata nilivyomuelezea jaji wa posta kesho yake, manake nilikuwa sina woga.

Ukivuka tu gari inahamia kulia. Ukishuka kuvuka barabara angalia kushoto kwanza, usije ukapata ajali ya kizembe.

Ni kweli ulikosea saa?

Karibu. Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Simu yangu ilijibadilisha yenyewe, saa yangu ya mkononi haikujibadilisha, na ratiba imeandikwa kwa saa za Kizungu, halafu dada mwenyeji wangu anaongea saa za Kiswahili za huku kwetu. Asubuhi ya siku ya kubandika posta tulikuwa na saa tatu tofauti ndani ya nyumba moja. Chagua moja. Mimi niliivua saa ya mkononi nikaiweka kwenye begi mpaka narudi.

Na angalia kalenda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, asubuhi watu wote wako kwenye kazi za jamii, maduka yamefungwa na usafiri unakuwa wa shida mpaka ifike kama saa tano. Usipange kuondoka asubuhi hiyo.

Kigali unaishije? Wanaongea Kiswahili?

Kiswahili ni lugha rasmi kwao toka 2017 lakini mtaani inategemea. Nyabugogo stendi na sokoni utaongea vizuri tu, kwa vijana wengi utasikia Kinyarwanda na Kingereza, wazee Kifaransa. Jifunze "muraho" na "murakoze", vitakufikisha. Bodaboda wanaita moto, dereva anakupa helmeti na lazima uvae. Hela yao ni faranga na ina thamani kuliko shilingi yetu, kwa hiyo bei ukiona ndogo usifurahie haraka, piga hesabu kwanza. Badilisha hela kidogo mpakani ya nauli tu, nyingine ubadilishie mjini.

Chakula usihofu. Isombe ni kisamvu chetu kabisa, na pale mchana wana melanje, unajipakulia sahani moja mara moja, wali, viazi, ndizi, maharage, ukiipanga vizuri unashiba mpaka kesho. Usiku kuna baridi, mji uko juu milimani, beba sweta.

Kingereza changu sio kizuri, nitaongeaje mbele ya maprofesa?

Kwenye posta hauhutubii. Unasimama pembeni ya kazi yako, mtu anapita, anasoma, anasema "niambie ulichofanya", unamwambia kwa dakika mbili. Hizo dakika mbili zifanyie mazoezi mpaka uzione ndotoni. Mimi niliprezenti kwa mama yangu jikoni kwa Kiswahili kwanza, na kila alipouliza "sasa?" nikajua hapo sijaeleweka. Baada ya mama kuelewa ndo nikatafsiri. Baba yeye alitaka tu kuongea na supavaiza kuhakikisha narudi lini.

Na ukikwama neno, onyesha kwa kidole kwenye picha. Profesa mmoja kutoka Senegal Kingereza chake kilikuwa cha kuungaunga kama changu, tukaelewana vizuri sana kwa namba na michoro.

Walikuuliza maswali gani?

Mengi yalikuwa ya kawaida: mlipataje idadi ya sampuli, kwa nini shule hiyo, kwa nini kinyesi cha siku moja tu wakati mayai yanabadilika siku hadi siku na mtoto mwenye maambukizi madogo unaweza kumkosa. Hilo la mwisho ni udhaifu wa kweli wa kazi yetu na tulikuwa tumeliandika kabisa kwenye posta, kwa hiyo nikasema ndiyo, ni kweli, tulikuwa na pesa ya siku moja. Akaridhika. Kuhusu CCA kila mtu aliuliza ule mstari hafifu tuliuhesabu vipi, kama ni chanya au hasi, maana unabadilisha matokeo sana. Ukienda na CCA jiandae kwa hilo.

Kuna daktari aliuliza watoto walio chini ya umri wa shule tuliwafanyaje. Hatukuwapima. Akanieleza kuhusu ile praziquantel ya watoto wadogo, wa miezi mitatu mpaka miaka sita, ambayo mamlaka ya dawa ya Ulaya iliipa maoni chanya Desemba 2023. Nikawafikiria wale wadogo wanaobebwa mgongoni ziwani wakati dada zao wanafua, wanashushwa majini kuogeshwa hapo hapo. Ndo utafiti tunaotaka kuomba sasa.

Nasikia kuna swali lilikushinda, ni kweli?

Ni kweli, na nataka mlijue vizuri kwa sababu linaweza kumkuta yeyote. Mzee mmoja, mtaalamu wa kichocho wa miaka mingi, alisimama kwenye posta yangu kimya kama dakika tatu. Halafu akaniuliza, mlisoma slaidi mbili kwa kila mtoto, sasa mlichukua wastani ukazidisha mara 24, au mlijumlisha?

Nikajua 24 inatoka wapi, kwamba miligramu 41.7 ukizidisha mara 24 unapata gramu moja, hilo nililisoma. Lakini analisisi ilifanywa na mwenzangu, mimi nilihesabu mayai na kuandika. Na swali lake halikuwa dogo. Ukijumlisha slaidi mbili halafu ukazidisha 24 umempa kila mtoto mayai mara mbili ya aliyonayo. Shirika la Afya Duniani linasema mayai 1 mpaka 99 kwa gramu ni maambukizi madogo, 100 mpaka 399 ya kati, 400 na kuendelea makali. Mtoto mwenye 60 angekuwa 120, amehama kundi. Mchoro wangu wote wa rangi tatu ungekuwa wa uongo.

Nilitamani kujibu "wastani" kwa sababu ndo jibu sahihi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikamwambia, shikamoo profesa, hapana sikusema shikamoo, nilimwambia samahani sina uhakika, naomba nikujibu kesho. Akatikisa kichwa akaondoka. Nilihisi miguu haina nguvu.

Usiku nikampigia mwenzangu Mwanza kwa WhatsApp, alikuwa zamu, akatoka nje ya wodi akafungua laptopu kwenye korido. Tukaingia kwenye faili la Excel, akanisomea fomula ya safu ile neno kwa neno, wastani wa slaidi mbili mara 24. Nikamwambia nisomee watoto watano, mimi huku nikapiga kwa mkono kwenye daftari. Zote tano zikakubali. Ndo nikalala.

Asubuhi nilimtafuta yule mzee kwenye chai, nikamwonyesha daftari. Aliangalia hesabu zangu za mkono, akauliza jina langu, akaenda mwenyewe mpaka kwenye posta akaipiga picha. Alinitumia barua pepe wiki iliyofuata, na ndo anayetusaidia kuandika makala.

Kwa hiyo kama jina lako liko kwenye posta, pitia kila namba iliyo juu yake uwe umeipiga kwa mkono wako, hata kama aliyefanya analisisi ni mwenzako unayemuamini.

Cheti walikupa? Kinasaidia intanshipu?

Walinipa, kiko kwenye faili. Sijui mengine.

Posta iko wapi sasa hivi, naweza kuiona?

Ile ya Kingereza iko ofisini kwa supavaiza. Lakini tulichapa nyingine. Tuliporudi tuliandika upya kila kitu kwa Kiswahili, tukatoa neno "intensiti" (kiwango cha maambukizi) tukaweka "minyoo mingi" na "minyoo michache", tukavuka Ukerewe tukaipeleka shuleni. Mwalimu mkuu aliita wazazi wale wale. Mzazi mmoja akauliza mbona hamjaweka konokono, yule anayebeba ugonjwa, watoto wanawaokota kila siku wanawachezea. Alikuwa sahihi, kwenye posta ya Kigali hakuna hata mtu mmoja aliyegundua kwamba konokono hayupo. Mtoto wa darasa la sita akaleta ganda moja kutoka ufukweni, bapa, limejizungusha kama kamba, tukalibandika kwa gundi pale chini kwenye kona. Posta iko ukutani ofisi ya mwalimu, juu ya meza ile ile tuliyowekea hadubini, na ganda lilikuwa bado limeshika mara ya mwisho nilipopita.